Shukrani kwa Rosaire Charette

Laurianne Charette alikuwa na saa moja kwa wiki ambayo ndani yake alikuwa na mume, na saa hiyo niliiondoa mimi, kwa kura yangu, sheria ikiwa imefunguliwa mezani mbele yangu. Hapa Kenniston watu bado wananifariji. "Claudette, hukujua," wananiambia. Kweli sikujua. Lakini sikuuliza pia, na mimi ni mtu wa kuuliza. Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, nikajua mtoto gani kabandua kiti cha nyuma bila hata kugeuza shingo. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kusema hakujua.

Kituo chetu cha televisheni, Chaneli ya Saba, kiko chini ya maktaba, kwenye chumba kinachonuka karatasi mbichi kila theluji ikiyeyuka. Hakina mwenyewe. Kampuni ya kebo inatupa njia ya kurushia, mji unatupa chumba, na kazi iliyobaki ni ya wanachama. Ukitaka kipindi chako, kwanza ushike kamera kwenye kipindi cha mwenzako. Zamu mbili kwa mwezi, hakuna mkubwa wala mdogo. Na kipindi kikikaa miezi sita bila toleo jipya, kinapoteza nafasi yake, anapewa anayesubiri. Bila sheria hiyo tungekuwa kituo cha watu watatu wanaojipenda. Niliiamini, na bado naiamini, ndiyo maana imeniuma hivi.

Rosaire Charette alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa. Baada ya hapo akaanzisha kipindi alichokiita "Usitupe". Alikaa nyuma ya meza na kitu kilichoharibika, saa ya ukutani, kibaniko cha mkate, kiti kilichovunjika mguu, akakitengeneza huku akieleza taratibu kama vile anaongea na hicho kitu chenyewe. Mkewe Laurianne ndiye alishika kamera, na hakuna binadamu aliyeweza kumnyamazisha. Sauti yake ilisikika kila baada ya dakika tano.

"Rosaire, sogeza mkono, umeziba."

"Nimeziba nini?"

"Umeziba kila kitu. Watu wanaangalia kidole gumba chako tangu saa nane."

Tulimshauri akae kimya, au tumwachie Armand, fundi wetu wa mitambo, aikate ile sauti. Rosaire alikataa. Na kusema kweli mji mzima uliangalia kwa ajili ya ugomvi ule. Sidhani kama kuna mtu hapa aliyewahi kutengeneza kibaniko chake.

Miaka kumi na tisa walifanya hivyo. Halafu kichwa cha Laurianne kikaanza kusahau. Kwanza jiko, akaliacha linawaka. Kisha njia ya kutoka kanisani hadi nyumbani, njia ya kona mbili. Mwisho Rosaire alimpeleka kwenye makao ya wazee ng'ambo ya mto. Wiki ya kwanza tulimpelekea Rosaire pai za nyama, pai sita kwa mtu mmoja, na kila aliyepeleka aliona kamaliza wajibu wake. Mimi ni mmojawapo. Tangu siku hiyo hakurekodi tena. Armand alijitolea kumshikia kamera, akajibiwa, "Kamera ina mwenyewe." Basi tukawa tunarusha marudio, kila Alhamisi saa nane mchana.

Kinyongo changu kilianza mwezi wa tatu, siku ya mkutano mkuu wa mji. Hiyo ndiyo siku yetu kubwa, mji mzima unakaa ukumbini kupitisha bajeti na kugombania barabara, na sisi tunarusha moja kwa moja. Rosaire alipangiwa kamera ya pili. Hakutokea. Nilisimama mimi kwa saa tano na goti langu bovu, nikikimbia huku na huku, na nusu ya wasemaji walisikika bila kuonekana. Jioni nikampigia simu.

"Rosaire, ulikuwa wapi?"

"Sikuweza."

"Hukuweza nini, kunyanyua simu?"

"Sikuweza, Claudette."

Akakata. Nikasema moyoni, haya bwana, tutaonana kwenye kamati.

Kamati ya ratiba ina watu watano, na mwenyekiti, ambaye ni mimi, anapiga kura pale tu wengine wanne wakilingana. Mwezi wa tano lililetwa ombi la Shawna Levasseur, mama wa watoto wawili, mwalimu wa mazoezi ya wazee, yale ya kufanya umekaa kwenye kiti. Alikuwa ametimiza zamu zake zote na nyingine za ziada. Alitaka mchana, kwa sababu wazee mchana ndio wako macho. Na mchana uliokuwa unakaliwa na marudio ulikuwa mmoja tu. Wawili wakanyanyua mikono wakiunga mkono, wawili wakakataa.

Rosaire alikuwa amekaa nyuma, koti mwilini, kofia magotini. Donati alizopewa hakuzigusa.

"Rosaire," nikamwambia, "una la kusema? Kifungu kinasema mwanachama akieleza sababu, kamati inaweza kumwongezea muda."

Aliitazama kofia yake. "Kifungu hicho nilikiandika mimi na Armand, mwaka ule wa kwanza."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza sababu."

"Sababu ziko nyumbani kwangu," akasema. "Fuateni sheria." Kisha akamgeukia Armand. "Utanitolea nakala za vipindi kwenye diski? Kabla ya Alhamisi ijayo, tafadhali."

"Vyote? Viko zaidi ya mia saba, mzee mwenzangu."

"Kumi vinatosha. Vile ambavyo anaongea sana."

Hapo ndipo ningeuliza. Mtu anaomba vipindi ambavyo mkewe anaongea sana, na anavitaka kabla ya Alhamisi, na mimi, mwenye kuona mpaka kisogoni, nilikuwa nafikiria goti langu. Nikampigia kura Shawna. Tatu kwa mbili.

Njiani kurudi nyumbani nilianza kujisikia vibaya. Miaka kumi na tisa si mchezo. Tuna desturi kituoni kwetu: kipindi kikifungwa, tunamwekea mwenye kipindi kadi ya shukrani. Kadi ni ule ukurasa wa bluu wenye maandishi meupe tunaouonyesha kukiwa hakuna kipindi. Zinapita moja baada ya nyingine: chakula cha jioni cha maharage kanisani, chanjo za mbwa, nani kaokota funguo, nani kafariki na atazikwa lini. Shawna hakuwa tayari mpaka baada ya wiki mbili, kwa hiyo Alhamisi ile saa nzima ingekuwa ya kadi.

Niliitengeneza kadi ya Rosaire kwa mikono yangu, na nilijitahidi kwelikweli. Nilitafuta picha nzuri kuliko zote, aliyopigwa na Laurianne mwenyewe, Rosaire ameshika saa ya ukutani na anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Chini nikaandika jina lake, kisha 1994–2013, kisha: Kwa shukrani na upendo, majirani zako wa Kenniston. Nikatafuta mahali pa kuipachika. Nafasi ilikuwepo baada ya matangazo ya misiba, nikaiweka hapo. Niliitazama nikaona imependeza.

Ijumaa yake, Hodan aliingia kituoni. Ni binti wa Kisomali anayefanya kazi kwenye yale makao ya wazee, nilimbeba kwenye basi langu tangu darasa la kwanza, na hajawahi kunipandishia sauti. Alikuwa bado na sare za kazi.

"Nani kaweka ile picha ya mzee Charette?"

"Mimi," nikasema, na Mungu anisamehe, nikasubiri kusifiwa.

Akavuta kiti akakaa. "Mama Claudette, ngoja nikuambie. Mama Charette hamjui mumewe. Mzee anakuja kila siku, anamlisha, anamchana nywele, yeye anamwita 'yule bwana mpole'. Wakati wa baridi alitoka nje kwenye theluji na ndala, akimtafuta mume wake, na mume wake ndiye aliyemkimbilia akambeba. Ilikuwa Jumamosi ile ya mkutano wenu."

Nikaliangalia goti langu.

"Alhamisi tu ndiyo anamjua. Kwenye televisheni. Kuanzia saa saba na nusu anatusumbua tuweke Chaneli ya Saba. Kipindi kikianza anakaa wima, anamwambia sogeza mkono, anacheka, anatuambia sote, yule pale ni mume wangu. Na mzee amekaa kiti cha pili, anajitazama. Saa tisa ikifika anasahau. Lakini wiki nzima anakuwa mtulivu. Hata kula anakula."

"Hakutuambia," nikasema.

"Angewaambia nini? Kwamba mke wake anampenda mtu wa kwenye televisheni?"

Kisha akanieleza ya jana yake. Rosaire alifika saa nane kasorobo na mashine ndogo ya kuchezea diski kwenye mfuko wa plastiki, na diski kumi alizotolewa na Armand. Alikuwa amejipanga. Alikuwa anachomeka waya nyuma ya televisheni wakati kadi zilipoanza kupita. Marehemu wa kwanza, marehemu wa pili, tarehe zao na picha zao. Kisha Laurianne akaona uso wa mume wake, na miaka miwili yenye kistari katikati.

"Alipiga ukelele," Hodan akasema. "Mzee akatoka nyuma ya televisheni, akamshika, akamwambia, Laurianne, ni mimi, niko hapa. Mama akamsukuma. Anamwambia, bwana, niache, mume wangu amefariki. Na ile picha, mama Claudette, haikwenda zake. Kila baada ya dakika tatu inarudi. Mimi nilikuwa namwogesha mtu chumba cha pili. Mpaka nafika kuzima imerudi mara nne."

Nimesimama kwenye misiba mingi, nimemzika mume wangu na dada zangu wawili. Sijawahi kujisikia nilivyojisikia kwenye kile chumba chini ya maktaba. Niliifuta kadi. Nikampigia Shawna, nikamweleza nikilia, na yeye bila kufikiri akasema, "Claudette, rudisha kipindi chake. Viti havina haraka." Niliita kamati siku hiyohiyo, tukapiga kura, wote wanne wakakubali. Nikampigia Rosaire.

"Tumekurudishia Alhamisi," nikamwambia. "Rosaire, nisamehe."

"Haya. Tujaribu," akasema.

Alhamisi iliyofuata nilivuka daraja na pai ya nyama mapajani, nikijua fika kwamba pai haifuti kitu. Laurianne alikuwa amekaa mbele ya televisheni, sweta jeusi, nywele zimechanwa vizuri. Rosaire kiti cha pili. Wazee wengine walikuwa wanasinzia. Saa nane ikagonga, na Rosaire wa zamani akatokea kwenye kioo na feni mbovu.

Laurianne alikaa wima kama alivyosema Hodan. Uso ukamfunguka, nikaona kabisa. Kisha kitu kikamrudia, na uso ukavunjika.

"Huyo ni mume wangu," akaniambia. "Amefariki. Walimtangaza."

"Pole sana, Laurianne," nikasema.

"Hakuna aliyenipeleka kumzika." Akamgeukia Rosaire, akamshika mkono wa shati. "Wewe bwana, ulimjua?"

"Nilimjua," Rosaire akasema.

"Alikuwa anaumwa? Alilala na njaa?"

"Hapana. Hakuumwa. Alikuwa amekula vizuri."

"Alinitaja?"

"Mpaka mwisho. Alikuwa anakutaja wewe tu."

Akalia na kumlalia begani, na yeye akampigapiga mgongo na kumwambia pole, pole, akimpa mkewe pole ya kifo chake mwenyewe. Kwenye televisheni sauti ya Laurianne wa zamani ilikuwa inamgombeza asogeze mkono. Baadaye, alipotulia, aliniuliza mimi, "Ile picha waliyomtangazia, nani aliichagua? Ilikuwa nzuri. Niliipiga mimi."

"Ni huyu hapa," Rosaire akasema. Hakuwa na ubaya hata kidogo aliposema, ndiyo maana nakumbuka. Na Laurianne akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Alhamisi tatu ilikuwa hivyo. Jumatano hana habari, anakula, anacheka na bwana mpole. Alhamisi saa nane anafiwa upya. Hodan aliniambia kwamba siku mbili baada ya kila Alhamisi hali kitu, anaulizia jeneza.

Kikao cha mwezi wa saba Rosaire alikuja tena, mara hii akakaa mbele. Tulikuwa tumemaliza kugawana zamu za maonyesho ya kilimo alipoomba nafasi.

"Natoa hoja," akasema, "kipindi cha 'Usitupe' kiondolewe kwenye ratiba. Moja kwa moja. Na marudio yake yasirushwe."

Shawna alikuwa mjumbe sasa. "Rosaire, mimi sitaki ile nafasi. Nimeshasema."

"Najua, mwanangu. Utaichukua hivyohivyo."

"Subiri kwanza," Armand akasema. "Ukikiondoa, hatakujua tena hata hiyo saa moja."

"Ndiyo."

"Na unakubali?"

"Ataacha kunizika kila wiki," Rosaire akasema. "Mimi nitakuwepo palepale. Kiti ninacho."

Hoja bila wa kuiunga mkono inakufa, hata mtoto wa shule hapa kwetu analijua hilo. Nilitazama meza nzima. Armand alikuwa anakuna meza kwa ukucha. Shawna alikuwa ameficha uso. Mwingine alikuwa anasoma kikombe chake cha kahawa. Nikaomba mtu, yeyote, aunge mkono, nikarudia mara mbili, na moyoni nilikuwa naomba asitokee. Mwenyekiti anaruhusiwa kuunga mkono kama hakuna mwingine. Kifungu hicho pia alikiandika Rosaire.

Akanitazama. "Claudette," akasema, "wewe ndiye unayeijua sheria."

Nikaunga mkono. Mkono wangu ulikuwa mzito, nikaunyanyua. Tukapiga kura, na kila mmoja alinyanyua wake akitazama chini. Rosaire akashukuru kamati, akavaa kofia, akaomba apangiwe zamu mbili za mwezi kama wanachama wengine, siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Kadi ya shukrani hatukuweka.

Sasa Alhamisi saa nane ni Shawna na kiti chake. Navuka daraja karibu kila wiki, siku nyingine na pai, siku nyingine mikono mitupu. Wazee wanakaa mstari mbele ya televisheni, Shawna anasema nyanyua mikono, wananyanyua, kila mtu kwa kadiri ya mabega yake. Laurianne ananyanyua vizuri kuliko wengi. Hajui kwamba alikuwa na kipindi, wala hajui kwamba alikuwa na mume, na lile sweta jeusi alilovaa siku za kufiwa Hodan amelificha kabatini.

Wiki iliyopita Rosaire alikuwa kiti cha pili kama kawaida, naye akafuata mazoezi. Alinyanyua mkono ule mpana wa fundi mbele ya uso wa Laurianne. Laurianne akainamisha kichwa huku na huku akitafuta kioo, kisha akampiga kofi dogo kwenye kiwiko.

"Wewe bwana, sogeza mkono, umeziba."

Rosaire hakuusogeza mara moja. Alibaki ameunyanyua, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Nimeziba nini?" akamuuliza.

Laurianne alimtazama, mtu asiyemjua, analia, anasubiri jibu. Akamwonea huruma. Akamtolea kitambaa mfukoni, akampa, kisha akarudisha macho kwenye televisheni.